Mchele wa kwenda Komoro: mwenye kinu aanzie wapi?

Kontena la futi 20 hubeba takribani tani 25 za mchele, yaani viroba 1,000 vya kilo 25. Kinu kikikupa mchele asilimia 65 ya uzito wa mpunga, hapo umekoboa zaidi ya tani 38 za mpunga, na ukitoa chenga utazidi tani 40. Mwenye kinu wa Mbarali au Ifakara anayekoboa gunia la huyu na la yule hawezi kujaza kontena kwa mchele unaofanana. Nunua mpunga wa mbegu moja, wa msimu mmoja, utenge ghalani, kisha ukoboe mfululizo.

Soko la kuanzia ninaloshauri ni Komoro. Ni karibu na Dar es Salaam, wali ndicho chakula chao cha kila siku, na tuko nao SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Lakini mchele wa kawaida huko huagizwa kwa wingi na shirika la serikali, ONICOR, kutoka Asia, na kinu kidogo hakiwezi kushindana nao kwa bei. Nafasi yako ni mchele mzuri unaonukia, kwa wafanyabiashara binafsi. Harufu ya mchele wa Kyela ni mtaji. Ukiuchanganya na mwingine umejiharibia mwenyewe.

Baharini adui ni unyevu. Usizidi asilimia 14. Mimi nashauri 13. Acha kupima kwa kung'ata punje, nunua kipima unyevu. Mpunga ukikaushwa haraka kwenye jua kali hupasuka ndani kwa ndani, na kinuni zinatoka chenga tupu. Anika juu ya turubai, unene wa sentimita 5 hivi, geuza mara kwa mara, funika jua likichachamaa, na uache upoe vizuri kabla ya kukoboa.

Kontena usilipakie kabla hujaingia ndani. Mwambie mtu akufungie milango, usimame gizani, utazame juu na pembeni: panapopenya mwanga, maji yatapenya. Sakafu iwe kavu, isinuke samaki wala dizeli, maana mchele hushika harufu upesi. Usiku bati hupoa, mvuke hugeuka maji na kudondokea viroba vya juu. Funika kwa karatasi nzito na utundike mifuko ya kufyonza unyevu. Kufukiza wadudu waachie wenye leseni; gesi ya fosfini inaua watu pia.

Cheti cha afya ya mimea hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu; cheti cha uasilia, kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani, hutolewa na TCCIA, chama cha wafanyabiashara, wenye viwanda na kilimo. Mengine wakala wa forodha atakuongoza. Uzito kwenye ankara, orodha ya mzigo na hati ya meli ulingane kilo kwa kilo.

Usipakie kwa ahadi ya simu. Dai malipo ya awali au dhamana ya benki. Siku ya kupakia, chota sampuli kwenye viroba vingi, changanya, gawa mafungu matatu na yafungwe kwa sahihi: moja la mnunuzi, moja la mkaguzi, moja libaki kwako mpaka atakapomaliza kulipa.