Ukipata safari ya Geneva: namna ya kuuzunguka mji wa ziwani bila kufilisika

Watu wengi wa huku kwetu wanaofika Geneva wanaenda kikazi, semina ya siku tatu au mkutano, halafu wanarudi Tanga na picha za ukumbini na chokoleti ya uwanja wa ndege basi, ukimuuliza umeuonaje mji anakwambia aah kule bei kali, nilijikalia zangu hotelini. Mimi safari ya kwanza ilikuwa hivyohivyo, waja leo waondoka leo. Ya pili ndo nikashtuka, kumbe vitu vizuri vya mji ule vingi viko kandokando ya maji na havina kiingilio, na mtu aliyekulia kuogelea Raskazone kule Tanga anauelewa ule mji haraka sana.

Tuanze na visa tuimalize. Uswisi haimo Umoja wa Ulaya ila imo Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, kwa hiyo visa ni ileile, ada yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari mpaka siku 15 kabla, ila usije ukasubiri hizo siku 15, utalia. Hela yao ni faranga ya Uswisi, siyo yuro. Na adapta jamani! Chaja ya pini mbili nyembamba za duara inaingia, ila hizi plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kabisa, mimi nilifika saa nne usiku simu ina asilimia 4 na anuani ya hoteli iko humohumo kwenye simu, nikabaki nimesimama stesheni naisoma ile anuani na kuikariri kama dua kabla haijazima.

Kutoka uwanja wa ndege usipande teksi. Treni iko palepale, dakika saba hivi uko stesheni kuu ya Cornavin katikati ya mji. Halafu sikiliza hii maana wengi hawaambiwi: ukilala hoteli au hosteli ndani ya Geneva unapewa kadi ya usafiri bure kwa siku zako zote, basi, tramu, treni za mjini, mpaka viboti vya manjano vinavyovusha watu ziwani, wenyewe wanaviita mouettes. Waulize hoteli kabla hujaondoka nyumbani wanaipataje. Ukifikia kwa jamaa huna kadi, unakata tiketi, na usijidanganye kwamba kwa vile hamna konda hamna anayekagua, wanaingia ghafla wamevaa kiraia na faini yao inauma.

Siku ya kwanza mimi ningekwambia panda tu hicho kiboti. Ni kidogo, mabenchi ya mbao, kimenikumbusha kuvuka kwenda Pangani ila hapa hamna mtu na baiskeli na kuku. Katikati ya maji ndo unaiona vizuri ile Jet d'Eau, maji yanaruka juu mita 140, lita 500 kila sekunde, mwendo kama kilomita 200 kwa saa. Na haikujengwa kwa ajili ya urembo! Mwaka 1886 palikuwa na mtambo wa maji uliosukuma mashine za mafundi wa mjini, jioni mafundi wakizima mashine zao presha inapanda, ikabidi wafungue pa kuipumulia, maji yakaruka, watu wakaanza kwenda kushangaa. Mwaka 1891 wakaihamishia ziwani ilipo leo. Unaweza kutembea kwenye gati mpaka karibu kabisa na shina lake, ila angalia upepo unakoelekea kwanza, mimi sikuangalia, upepo uligeuka mara moja nikalowa kanzu yote mbele ya watalii wa Kichina waliokuwa wananirekodi. Siku ya upepo mkali au baridi kali wanaizima, usikasirike.

Kuogelea nenda Bains des Pâquis, kuna mnara mweupe wa taa hutapotea. Kiangazi kiingilio ni faranga chache tu na chakula chao ni cha bei nafuu kwa mji ule. Maji ni baridi jamani siyo bahari yetu, na ziwa lenyewe lina kina, sehemu ya ndani kabisa ni mita 310, Victoria yetu pamoja na ukubwa wote haifiki hata mita 90. Majira ya baridi wanauza fondue hapo, jibini la kuyeyusha unachovya mkate, ila Waislamu mjue inapikwa kwa mvinyo mweupe. Ukitaka halali, mtaa huohuo wa Pâquis una vibanda vya kebabu kibao, na msikiti mkubwa uko Petit-Saconnex. Mwezi wa 6 Maghrib ni saa tatu na nusu usiku, usishangae.

Maji ya kunywa usinunue. Mabomba ya mitaani yanafaa kunywa isipokuwa palipoandikwa "eau non potable", tembea na chupa yako. Mgahawa mmoja niliomba maji tu, wakaniletea chupa ya kioo, kwenye bili imezidi chai na andazi za wiki nzima kule Barabara ya 12, Tanga. Siku hizi nasema "une carafe d'eau", yaani jagi la maji ya bomba. Na ukiingia dukani anza na "bonjour" kabla ya shida yako, ukiruka salamu wanakuona huna adabu, kama sisi tu. Jumapili maduka yanafungwa, ya stesheni ndo yanabaki wazi.

Mji wa kale upande kwa miguu. Kanisa la Saint-Pierre alikohubiri Calvin, yule kiongozi wa mageuzi ya Kiprotestanti, kuingia ni bure, minara ndo unalipia, ngazi 157, magoti yatakusimulia. Ukiwa Desemba ulizia Escalade, sikukuu yao ya ukumbusho: usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Desemba 1602 askari wa Savoy, dola jirani, walipanda ukuta wa mji kwa ngazi, wanasema mama mmoja akawamwagia sufuria la supu ya moto kutoka dirishani. Leo wanauza sufuria za chokoleti wanazipasua. Nilicheka sana, manake sisi kwenye vita ya Tanga 1914 nyuki waliwavamia askari wa Mwingereza, wao supu.

Ukibaki na siku moja nenda Montreux, mji mwingine wa ziwa hilohilo, treni kama saa moja, kadi ya bure haifiki huko ila ukikata mapema kwenye app ya reli unapata punguzo. Pale kando ya ziwa kuna sanamu ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kanyoosha ngumi, mtoto wa Unguja huyo, kazaliwa Mji Mkongwe 1946, nami nikamwambia mzungu mmoja huyu ni wa kwetu, hakuniamini mpaka alipogugo. Kwenda kaa upande wa kulia uone ziwa na mashamba ya mizabibu ya Lavaux, kurudi kaa kushoto.