Namna ya Kusoma Tangazo la Kumalizika kwa Mapigano Wakati Majeshi Bado Yako Ugenini

Serikali inapotangaza kwamba operesheni zake za mapigano katika nchi nyingine zimekwisha, tenganisha kwanza kukoma kwa jukumu na kuondoka kwa askari, kwa maana mambo hayo mawili mara nyingi hutajwa kwa pumzi moja. Tarehe 31 Agosti 2010 Rais Barack Obama alitangaza kwamba jukumu la mapigano la Marekani nchini Iraq limekwisha. Kesho yake operesheni ikapewa jina jipya, na askari wapatao 50,000 wakabaki kambini. Kwa hiyo, kabla hujaandika jina la operesheni, andika idadi ya waliobaki.

Pili, chunguza kazi waliyoachiwa. Walioitwa washauri nchini Iraq walikuwa, kwa sehemu kubwa, brigedi za kawaida za mapigano zilizoongezewa maofisa wa ushauri, zikiwa na silaha zao.

Tatu, na hapa ndipo panapostahili muda wako mwingi, tafuta mkataba wenyewe badala ya kutegemea hotuba. Mkataba wa Novemba 2008 kati ya Iraq na Marekani ulitaja, katika kifungu cha 24, kwamba vikosi vyote viwe vimeondoka ifikapo tarehe 31 Desemba 2011; lakini kifungu cha 4 kilihifadhi haki ya kujihami. Neno hilo moja ni pana mno. Tarehe 5 Septemba 2010, siku tano tu baada ya hotuba, washambuliaji walivamia makao ya jeshi la Iraq mjini Baghdad na kuua watu wasiopungua 12. Askari wa Marekani waliokuwa ndani ya eneo hilo wakafyatua risasi kuwasaidia wenzao Wairaki. Ukiusoma mkataba mapema, tukio kama hilo halikushangazi.

Usisahau walinzi wa kampuni binafsi, ambao hawaingii katika hesabu ya askari. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulikumbuka jambo hili, kwa kuwa maelfu ya raia wa Uganda walilinda kambi za Marekani nchini Iraq, na tangazo la kupungua kwa majeshi halikuwataja.

Mwisho, fuatilia tarehe ya kuondoka kweli. Msafara wa mwisho uliingia Kuwait tarehe 18 Desemba 2011. Huko Afghanistan jukumu la mapigano la NATO lilifungwa rasmi tarehe 28 Desemba 2014, ilhali askari wa mwisho wa Marekani aliondoka Kabul tarehe 30 Agosti 2021. Katika kumbukumbu zako, waliouawa kati ya tarehe hizo mbili, askari na raia, waandike pamoja na wafu wengine wa vita hiyo hiyo.