Unataka kuwa DBA? Anza kwa kuiua databesi yako mwenyewe

Wadogo zangu kadhaa wamenipigia mwezi huu wanauliza hii kazi ya DBA (msimamizi wa databesi, pale data za kampuni zinapokaa) inaingiwaje, wasome kozi gani, walipie mtihani upi, sasa naandika mara moja niwe nawatumia hii maana nimechoka kurudia yaleyale kwenye simu.

Kwanza ijue kazi yenyewe. Watu wanadhani DBA anaandika SQL (lugha ya kuiuliza na kuibadilisha databesi) kutwa nzima, hapana, wanaoandika zaidi ni madevelopa, wewe ni mlinzi. Unaangalia nani anaingia na nani hatakiwi kuingia, diski imebaki kiasi gani, kwa nini ripoti iliyokuwa inatoka kwa sekunde tano leo inakula dakika kumi, na seva ikifa saa nane usiku nani anairudisha. Hiyo ya mwisho ndo kazi, mengine yote wanaweza kukuvumilia.

Kuanza usinunue kitu. Chukua laptopu hata ya ramu giga 4, weka Linux, Ubuntu au Debian, alafu PostgreSQL, programu ya databesi, hiyo ni bure yote bila kona. Oracle nayo ina toleo la bure (zamani XE, siku hizi linaitwa Free) ila data mwisho giga 12, SQL Server ina Developer ya bure ya kujifunzia tu. Usipoteze wiki unabishana na washkaji ipi kali, ukishika moja vizuri nyingine utazielewa haraka.

Alafu weka data unayoijua. Mimi niliingiza daftari la madeni la duka la mama, unga, sukari, vocha, nikawa najiuliza maswali kama nani anadaiwa zaidi ya elfu hamsini na hajalipa chochote miezi miwili, na hapo ndo JOIN (kuunganisha majedwali) na GROUP BY (kupanga kwa makundi) zikaniingia kichwani kuliko video zote nilizoangalia (mama naye alipoona ile listi akaanza kupita nyumba kwa nyumba, ila hiyo ni habari nyingine). Ukizoea, tengeneza mistari milioni tano ya uongo kwa generate_series (inazalisha mistari yenyewe), tafuta kitu, iangalie kwa EXPLAIN ANALYZE (inaonyesha imetafutaje na imekula muda gani), weka indeksi (kama faharasa ya kitabu), angalia tena. Ila usijaze indeksi kila kolamu, kila moja inachelewesha kuandika.

Sasa hapa kaa vizuri. Piga bakapu kwa pg_dump (kifaa cha PostgreSQL cha kunakili databesi), alafu futa databesi yote kwa mkono wako, irudishe kwenye mashine nyingine na upime imechukua dakika ngapi. Wengi wanaishia kwenye kupiga bakapu wanaona wamemaliza. Tarehe 31 Januari 2017 injinia wa GitLab (kampuni inayowahifadhia madevelopa kazi zao mtandaoni) alikuwa anahangaika usiku na seva ya akiba, akafuta folda kumbe yuko kwenye seva kuu, anastuka na kusimamisha zimebaki kama giga 4.5 kati ya 300 hivi. Wakakimbilia bakapu, kumbe pg_dump ilikuwa inafeli kimyakimya sababu ni ya toleo la 9.2 na databesi ni 9.6, na imeili za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliipiga kwa mkono kama masaa sita kabla, kwa bahati tu. Walieleza wenyewe hadharani, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Mimi yangu ilikuwa ndogo ila iliniuma. Saccos moja nilikuwa nawasaidia, nikabadilisha namba ya simu ya mzee mmoja, nikasahau WHERE (sehemu inayosema mstari upi uguswe). Wanachama wote wakawa na namba ya yule mzee, jioni meseji za michango zikatoka, zote kwake. Alinipigia akaniuliza, "Mwanangu, mimi ndo nimekuwa benki?" Tangu siku hiyo kila UPDATE (amri ya kubadilisha data) naanza na BEGIN, naangalia imegusa mistari mingapi, ikiwa mmoja COMMIT (ihifadhi), ikiwa elfu ROLLBACK (irudi ilivyokuwa) mbio.

Kuhusu ajira, hamna atakayekukabidhi databesi yake siku ya kwanza, kwahiyo ingia kwa mlango wa pembeni, IT support, udevelopa, mtu wa ripoti hospitali au kwenye NGO, alafu jitolee zile kazi za bakapu ambazo hamna anayezitaka. Vyeti subiri kwanza. Soma matangazo ya kazi ya unapotaka kwenda, benki nyingi wanataka Oracle, wengine SQL Server ambako kuna mtihani wa Microsoft wa DP-300, ndo ulipie unaoombwa, na ikiwezekana mwajiri akulipie. Na usibebe data za wateja kwenda kufanyia mazoezi nyumbani, Tanzania ina sheria ya taarifa binafsi ya 2022 na Kenya ya 2019, hiyo sio ya kutania.

Kwenye intavyuu watakuuliza bakapu aina ngapi, kila mtu anakariri. Wewe waambie niliua databesi ya giga kadhaa, nikairudisha kwa dakika kadhaa, hapa ilikwama kwa sababu ya ruhusa za yuza nikafanya hivi. Ukishairudisha mara tatu bila kuchungulia maelezo nitumie muda uliotumia, hapo ndo tuongelee CV.