Kagua hivi nguo ya mtumba kabla ya kulipa

Rangi isikuvutie kwanza. Anza na kitambaa. Inua nguo kwenye mwanga: palipochakaa patapitisha mwanga kuliko kwingine, hasa makalioni na katikati ya mapaja ya suruali, na hapo ndipo itakapochanika. Igeuze ndani nje, kisha vuta mshono taratibu kwa vidole. Nyuzi zikiachia, iache. Fungua na ufunge zipu mara 2 au 3, kwani zipu mbovu itakurudisha kwa fundi na nafuu yote iishie huko. Kifungo kilichopotea si tatizo. Doa la jasho kwapani lililokwisha kuwa manjano huwa gumu sana kutoka. Saizi ya kwenye lebo usiiamini, pima kiuno kwa tepu. Ifue kabla ya kuivaa.