Wasifu wa mwalimu mstaafu aliyekuwa mkimbiaji: unauandikaje?

Jamani, wasifu unaosomwa msibani usianze na "alizaliwa, akasoma, akaajiriwa" afu basi, huyo alikuwa mwalimu wa watu na miguu yake haikutulia hata baada ya kustaafu! Anza kwenye kabati lake, toa medali zote, geuza nyuma uangalie mwaka na umbali, maana kilomita 21 na 42 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi sio kitu kimoja na wakimbiaji wenzake watakaokuja watajua umechapia. Kama alipanda mlima tafuta cheti, kinaonyesha kama alifika Uhuru, kilele chenyewe cha Kilimanjaro, mita 5,895, au aliishia Gilman's, pale ukingoni chini ya kilele, na kama aliishia Gilman's sema hivyohivyo, sio aibu.

Halafu wapigie wanafunzi wake wa zamani, usiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani" utajibiwa "mcheshi" tu, waulize aliwachapa kwa kosa gani, alikuja shule na baiskeli gani, hapo ndo stori zinamwagika. Rekodi voisi.

Msomaji apewe dakika tano, sita. Na raba zake za mwisho ziwekeni pembeni ya picha, msizifue.