Kupanga mgao wa chakula kambini wafadhili wanapokata fedha

Anza na mtu mmoja. Kipimo cha kimataifa ni kilokalori 2,100 kwa siku, kwa mfano: unga wa mahindi gramu 400, maharage 60, unga lishe 50, mafuta 25, sukari 15, chumvi yenye madini joto 5. Zidisha kwa siku 30, kisha kwa idadi ya watu. Wakimbizi 10,000 wanahitaji unga tani 120, maharage tani 18 na mafuta tani 7.5 kwa mwezi. Ukigawa mahindi mazima, ongeza mahindi ya kulipia kinu, la sivyo familia italipia kusaga kwa chakula chake na kubaki na njaa.

Fedha zikikatwa, usianze na mafuta eti ni ghali. Zile gramu 25 zina kilokalori 220 hivi. Kuziba pengo lake kunataka unga gramu 60. Unga lishe wa watoto na wajawazito usiguswe kabisa.

Punguza mapema. Kukata asilimia 20 kwa miezi mitano kunaokoa chakula kilekile ambacho kingekosekana mwezi mzima, na mwezi mtupu ndio unaoua watoto. Watangazie watu kabla ya siku ya ugawaji, kiasi kipya kikiandikwa ubaoni.

Kwa mfadhili, andika tarehe ghala litakapokuwa tupu. Ahadi ya leo hupita kwenye ununuzi, meli, bandari ya Dar es Salaam, kisha zaidi ya kilomita 1,000 hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Omba miezi kadhaa kabla.