Somo: Kutunga na kutegua vitendawili vya ulimwengu wa ngano

Somo hili linahusu kitendawili ambacho jibu lake limo ndani ya ngano: Shing'weng'we, Sungura, Fisi, Kima, jini wa kwenye taa. Kitendawili cha kawaida kama "Nyumba yangu haina mlango" (yai) unakitega popote. Cha ngano kina sharti la ziada: mteguaji awe ameisikia hadithi, lakini kuisikia peke yake kusimtoshe. Ukiuliza "Nani aliliua Shing'weng'we?" umeuliza swali la mtihani. Kitendawili kinataka mtu akumbuke, halafu aone picha.

Mifano mingi hapa tumeitoa kwenye ngano ya Kisukuma ya Masala Kulangwa, kwa kuwa Mwanza na vijiji vya jirani inajulikana sana. Kwa asiyeijua: zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito. Akamzaa Masala. Kijana alipokua akaliua zimwi, akalipasua tumbo kwa ubavuni, watu wakatoka wazima. Katika kupasua, kisu kikamkata sikio bibi mmoja, na bibi yule akawaka hasira.

Hatua ya 1: Anza na jibu. Usianze na maneno matamu ukatafuta jibu baadaye, utaishia kulazimisha. Chagua kitu kimoja ndani ya ngano. Vitu vidogo hutoa vitendawili vizuri kuliko mashujaa: sikio la bibi ni bora kuliko Masala mwenyewe, kwa sababu shujaa ana sifa nyingi mno na kila mtu anamtaja kwanza.

Hatua ya 2: Andika sifa tano au sita, kisha tafuta mbili zinazogombana. Tuchukue watu waliomezwa. Walikaa gizani. Walibanana. Walikuwa na ng'ombe wao. Waliingia kwa mdomo. Walitoka ubavuni. Ugomvi uko kwenye mbili za mwisho: njia ya kuingilia siyo njia ya kutokea. Hapo ndipo kitendawili kilipo, zile nyingine ziache.

Hatua ya 3: Livike jibu vazi la nyumbani. Vazi ni kitu ambacho msikilizaji anakiona kila siku. Mdomo ukawa mlango, ubavu ukawa ukuta:

*Waliingia mlangoni, wametokea ukutani.*

Hesabu mizani, yaani silabi: tisa upande wa kwanza, tisa wa pili. Si lazima zilingane, ila zikilingana kitendawili hushikika kichwani baada ya kusikika mara moja. Kwa vazi tumia vitu vya hapa kama miamba iliyobebana, karabai za wavuvi wa dagaa usiku wa giza, au kapu la sato. Angalia tu vazi lisiwe limezeeka. Kitendawili kinachotegemea foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi kitawapita watoto watakaokua wakivuka kwa daraja lililofunguliwa 2025.

Hatua ya 4: Kagua ngeli. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kiambishi cha kitenzi husaliti jibu. Ukitega "Limeanguka peke yake" kwa ajili ya sikio, ile *li-* imeshamwambia msikilizaji aache watu, miti na vyombo vya *ki-*, atafute kwenye jicho, jino, sikio, tumbo. Umemfanyia nusu ya kazi. Dawa yake ni kulivika jibu vazi la mtu, ili vitenzi vyote viende kwa *a-* na *wa-*:

*Mlinzi mmoja kaanguka, mwenzake bado kasimama.*

Jibu: sikio la yule bibi. Masikio ni walinzi wawili wa nyumba moja, mmoja kakatwa. Ndiyo sababu vitendawili vya wazee vimejaa "babu yangu", "askari wangu", "bibi yangu": nafsi ya mtu huficha ngeli ya kitu. Njia nyingine ni kutumia *ni-*, kitu kijisemee chenyewe.

Hatua ya 5: Ondoa maneno ya hadithi. Kama ngano inasema "kumeza" na "kisu", maneno hayo yasionekane kwenye kitendawili. Neno moja tu la hadithi likibaki, mteguaji anaruka moja kwa moja hadi kwenye jibu bila kupita kwenye picha.

Hatua ya 6: Jaribu kwa watu watatu. Mmoja anaijua ngano vizuri, mmoja anaikumbuka kwa mbali, mmoja haijui. Yule asiyeijua akipata jibu lako hasa, umetunga kitendawili cha kawaida. Anayeijua akishindwa, mpe jibu umtazame. Akisema "Aaa!", kitendawili ni kizima. Akiuliza "Kwa nini?", vazi halijamkaa; rudi hatua ya 3.

Kutega mbele ya watu. "Kitendawili!" "Tega!" Kwa Kisukuma mtegaji anaita "Kalagu!" na wasikilizaji wanaitikia "Kize!" Kitege mara mbili kwa maneno yaleyale, ukibadilisha neno mara ya pili unawapoteza. Wakishindwa, omba mji: "Nipeni mji." "Tumekupa Ukerewe." Ukishapewa, eleza ulivyofika na ulivyopokewa huko, kisha toa jibu.

Na ukiwa upande wa kutegua? Kata kitendawili vipande viwili. Jiulize ni lipi lisilowezekana vipande hivyo vikikaa pamoja. Tazama viambishi. Kisha pitia ngano unazozijua ukitafuta mahali ambapo hilo lisilowezekana lilitokea. Mfano:

*Msafiri yuko majini, mzigo wake uko mtini.*

Nani husafiri akaacha mzigo juu ya mti? Kima, aliyempanda papa mgongoni, na alipoambiwa moyo wake unatakiwa akadai ameuacha mtini. Sasa tazama *u-* ya mzigo: moyo nao ni wa *u-*. Hapo mtegaji ameiacha ngeli makusudi iwe dokezo kwa mwenye sikio.

Lakini kitendawili hiki kina tundu. Mtu wa Kirumba au Igombe, kwa wavuvi wa Mwanza, atajibu "Mvuvi aliyetundika wavu mtini", na amepatia: yuko majini, kitu chake kiko mtini. Jibu linalokaa vipande vyote viwili lazima likubaliwe, hata kama silo lako. Ukitaka kuliziba, pigilia msumari mmoja: *Msafiri yuko majini, mzigo asioutua uko mtini.* Wavu hutuliwa, moyo hautuliwi. Mizani imeharibika, na ni afadhali. (Watoto wa ziwani wakitaka papa awe mamba, mbadilishe. Kitendawili hakimtaji.)

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, Magu: *Darasa langu la tatu hawaijui ngano ya Shing'weng'we. Nitege tu?*

Hapana, mwalimu. Simulia kwanza, tega siku ya pili. Tega vinne au vitano vya ngano hiyo moja. Ukichanganya ngano tatu kwa siku moja watoto wataanza kutaja majina ya wanyama kwa kubahatisha.

Kijana wa Ilemela: *Naombeni mnisahihishie hiki: "Ana madoa, anacheka usiku, ni nani?" Jibu fisi.*

Ndugu, hapo umeorodhesha sifa, na hakuna mbili zinazogombana. Tena "ni nani" liondoe, kitendawili hakiulizi hivyo. Fisi wa ngano ana kitu kizuri zaidi: alifika njia panda, harufu ya nyama ikamvuta huku na huku, akataka zote mbili. Jaribu: *Miguu imekwenda karamu mbili, tumbo halijafika hata moja.* Neno "njia" tumeliacha kwa sababu kuna methali "Njia mbili zilimshinda fisi". Ungelitia, wote wangelipata kabla hujamaliza.

Mama Neema, Sengerema: *Vya Kisukuma naweza kuvigeuza Kiswahili hivyohivyo?*

Picha inahama, mama, ila ngeli haihami salama. Kilichofichwa vizuri kwa Kisukuma kinaweza kusalitiwa na kiambishi cha Kiswahili, na kinyume chake. Kigeuze, kisha kianze upya hatua ya 4.

Mwanachama wa Ukerewe: *Mtegaji anaruhusiwa kuukataa mji?*

Anaruhusiwa, na watoto hulipenda hilo. Akatae mara mbili basi; ya tatu apokee, la sivyo watu wanapoa.

Dada wa Nyamagana: *Njia hii inafaa kwa ngano za mbali, zenye majini na mazulia yanayoruka?*

Inafaa, dada, mradi wasikilizaji wako wamezisikia. Jini wa kwenye taa, kwa mfano. Ugomvi wake ni ukubwa: *Nyumba ya mkononi, mpangaji hatoshi uwanjani.* Ila kijaribu kwanza kwa anayeuza simu. Atasema ni simu na watu waliomo ndani yake, na hapo itabidi uongeze msumari.